Maisha ya Dhyan Chand, Bingwa wa Hoki

Kila msimu wa hoki unapoanza katika shule yetu, liko jina moja linalosikika kiwanjani kuliko mengine. Mchezaji akipiga chenga mbili tatu na mpira usimtoke gongoni, wenzake humwita Dhyan Chand. Wengi wanaolitaja jina hilo hawajui mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani, na wale wanaojua kidogo husema kwamba alizaliwa na uchawi mkononi, basi, habari imekwisha. Mimi nimezisoma habari za maisha yake, na naona kwamba hadithi hiyo ya uchawi inamnyima haki yake. Alipoingia katika mchezo huu kwa dhati alikuwa na umri wa miaka 17, yaani sawa na wengi wetu wa kidato cha nne, naye hakuwa na jina wala cheo. Jinsi kijana huyo alivyopata moyo, ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti, 1905, katika mji wa Allahabad, Bara Hindi, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Waingereza. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Dhyan Singh. Baba yake, Sameshwar Singh, alikuwa askari, naye pia alicheza hoki jeshini. Watoto wa askari wanaijua taabu yake: baba anahamishwa, na jamaa nzima inafunga mizigo. Kwa sababu ya kuhamahama huko Dhyan alisoma miaka 6 tu akaacha shule. Mwishowe walipewa kiwanja cha kujenga nyumba katika mji wa Jhansi, na Jhansi pakawa ndipo kwao maisha yake yote.

Katika utoto wake hakuonyesha dalili yoyote ya ubingwa. Alipenda mieleka. Hoki alicheza kwa kujifurahisha tu na rafiki zake, na alipokuwa mtu mzima hakuweza kukumbuka kama aliwahi kucheza mchezo wowote wa maana kabla ya kuingia jeshini. Naomba msomaji aliweke neno hilo akilini, maana wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba mtu asiyeshika gongo tangu darasa la kwanza amekwisha chelewa.

Tarehe 29 Agosti, 1922, siku ile ile alipotimiza miaka 17, aliandikwa kuwa askari katika kikosi kilichoitwa First Brahmans. Cheo chake kilikuwa cha sepoy, nacho ndicho cha chini kuliko vyote. Kikosini humo alikuwamo mkubwa mmoja Mhindi, Subedar-Meja Bale Tiwari, mpenzi mkubwa wa hoki. Huyo ndiye aliyempa Dhyan mafunzo yake ya kwanza. Hakuwa mwalimu mwenye sifa duniani, na kama si mwanafunzi wake, leo tusingalilijua jina lake. Lakini alimwona kijana asiyejulikana, akatumia wakati wake kumfundisha namna ya kushika gongo, kuutuliza mpira na kuutoa.

Mchana askari alikuwa na kazi zake za kijeshi: gwaride, zamu na kusafisha silaha. Wakati wa kujizoeza ulikuwa haba. Inasimuliwa kwamba Dhyan alikwenda kiwanjani usiku baada ya kazi, na kwa kuwa viwanja vya wakati ule havikuwa na taa, alingoja mwezi utoke ndipo aanze. Katika lugha yao mwezi huitwa chand. Rafiki zake wakaanza kumwita Chand, na jina likamshika hata likalifuta lile la Singh alilopewa na wazazi. Basi jina ambalo sisi twalipigia kelele kiwanjani halikuwa jina la sifa kwanza. Lilikuwa utani wa askari wenzake juu ya mtu asiyelala mapema. (Walimu wetu wa zamu wasidhani kwamba naomba ruhusa ya kutoka bwenini usiku. Siku hizi viwanja vingi vina taa, na sisi tuna vipindi vya michezo saa kumi.)

Toka 1922 mpaka 1926 alicheza katika mashindano ya vikosi na ya jeshi. Hiyo ni miaka minne, na ndiyo miaka ninayoipenda kuliko ile ya medali, kwa sababu ndipo alipokua. Mchezo mmoja wa miaka hiyo unakumbukwa sana. Katika fainali ya mashindano yaliyofanyika Jhelum, timu yake ilikuwa nyuma kwa mabao 2, na dakika zilizobaki zilikuwa 4. Mkuu wa kikosi chake alikuwa akitazama pembeni mwa kiwanja. Inaelezwa kwamba alimwita Dhyan kwa jina lake, akamkumbusha kwamba wanashindwa kwa mabao 2, na kumtaka afanye jambo. Kijana akafunga mabao 3 katika dakika hizo 4, na kombe wakalichukua wao. Tangu hapo watu wakaanza kumwita mchawi.

Msomaji wa haraka ataona yale mabao 3 tu. Mimi naiona zaidi ile sauti ya mkuu wa kikosi. Askari wa chini katika jeshi la kikoloni alizoea kuamriwa pamoja na wenzake wote katika safu, mguu sawa, geuka nyuma. Siku hiyo mkubwa alimwita yeye peke yake mbele ya umati, wala hakumwita kumgombeza. Alimwita kwa sababu aliamini kwamba akiwapo yeye, mchezo bado haujaisha. Yeyote aliyewahi kusimama kiwanjani timu yake ikishindwa anajua jinsi miguu inavyokuwa mizito wakati huo, na jinsi neno moja kutoka pembeni linavyoweza kuifanya mizito zaidi au kuifanya mepesi. Huyu lilimfanya mwepesi.

Mwaka 1926 jeshi la Bara Hindi lilichagua timu ya kwenda New Zealand. Mkuu wa kikosi alimwita Dhyan akampa habari kwamba naye atakwenda. Alikuwa na umri wa miaka 20. Ulimi ukamkauka, asijue la kujibu. Alipiga saluti nzuri kadiri alivyoweza, akaondoka, na alipokwisha kupotea machoni pa mkubwa wake alitimua mbio kama sungura mpaka kambini kuwaambia wenzake. Huyo ndiye mchawi wetu! Tena hakuwa na mavazi ya kusafiria. Mshahara wa sepoy ulikuwa rupia chache kwa mwezi, naye hakuwa mtoto wa tajiri, kwa hiyo alinunua vitu vya bei rahisi kabisa, na mzigo wake mkubwa ulikuwa sare zake za jeshi.

Huko New Zealand timu ilicheza michezo 21, ikashinda 18, ikatoka sare 2, na kushindwa mmoja tu. Walicheza pia mara mbili na timu ya taifa la nchi ile, wakashinda mchezo wa kwanza na kushindwa wa pili kwa tofauti ndogo. Lakini jambo lililobaki moyoni mwa Dhyan halikuwa hesabu ya mabao. Wale askari wa chini walialikwa katika karamu na sherehe zilizofanywa kwa heshima yao, mambo ambayo kwao wasingeweza kuyaota. Baadaye aliandika kwamba kama wasingalikuwa wachezaji wa hoki, wasingaliyaona maishani mwao. Nadhani kijana yule aliyekimbia kama sungura alirudi akitembea polepole kidogo. Aliporudi alipandishwa cheo, akawa Lance Naik, ambacho ni kama lansi koplo katika majeshi yetu ya zamani. Mshahara uliongezeka kidogo tu.

Wakati huo chama cha hoki cha Bara Hindi kilikuwa kichanga, kwani kilianzishwa mwaka 1925. Chama kikaamua kupeleka timu katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1928. Ili kupata wachezaji, majimbo yalishindanishwa Calcutta, na Dhyan Chand alichezea United Provinces, jimbo ambalo lilitoka na ushindi. Fedha zilikuwa shida kubwa. Tarehe 10 Machi, 1928, timu ilipopanda meli ya Kaisar-i-Hind katika bandari ya Bombay, waliokuja kuwaaga walikuwa watu 3 tu. Nahodha alikuwa Jaipal Singh, aliyekuwa akisoma Oxford.

Mchezo wao wa kwanza ulikuwa tarehe 17 Mei, dhidi ya Austria. Walishinda kwa mabao 6 kwa 0, na 3 kati ya hayo alifunga Dhyan Chand. Wakaishinda Ubelgiji 9 kwa 0, Denmark 5 kwa 0, na Uswisi 6 kwa 0. Ilipofika tarehe 26 Mei, siku ya fainali na wenyeji, Waholanzi, wachezaji kadha wa maana walikuwa wagonjwa, na Dhyan mwenyewe alikuwa na homa. Alicheza hivyo hivyo. Walishinda 3 kwa 0. Katika michezo 5 kipa wao hakuokota mpira wavuni hata mara moja, na Dhyan peke yake alikuwa amefunga mabao 14. Meli iliporudi Bombay, bandari ilijaa maelfu ya watu. Mahali ni pale pale walipoagwa na watu 3.

Hapa ndipo hadithi nyingi zilipoanza kuzuka. Yako masimulizi kwamba Waholanzi walilivunja gongo lake kutazama kama ndani yake mna sumaku. Mimi siamini sana, ingawa natambua kwa nini watu hupenda kulisimulia jambo hilo. Sumaku ni rahisi kueleza. Miaka minne ya mazoezi ya usiku si rahisi.

Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1932 nitaipita upesi, kwa sababu timu zilizocheza hoki zilikuwa 3 tu. Kabla ya safari kikosi chake kilimnyima ruhusa ya kucheza mashindano ya majimbo, na chama kikamchagua bila kumjaribu. Safari hii alikwenda na mdogo wake, Roop Singh. Waliishinda Japani 11 kwa 1 na Marekani 24 kwa 1. Katika mabao hayo 24, Roop Singh alifunga 10 na kaka yake 8. Wazazi wenye watoto wawili shuleni watafahamu kwamba mkubwa kushindwa na mdogo si jambo linalopendeza kila nyumba, lakini Dhyan alimsifu mdogo wake maisha yake yote.

Sasa nafika mahali ambapo kwangu ndipo kiini cha maisha yake. Ukimwuliza mpenzi wa hoki mchezo mkubwa wa Dhyan Chand ni upi, atakutajia Amsterdam au Berlin. Mwenyewe alisema ni fainali ya Kombe la Beighton, Calcutta, mwaka 1933. Alikuwa ameleta Jhansi Heroes, timu ya kwao, ambayo karibu wote walikuwa vijana wasiojulikana. Ukiwatoa yeye, Roop Singh na Ismail, aliyekuwa akichezea timu ya reli ya Bombay, hakukuwa na mchezaji mwenye sifa. Wapinzani wao walikuwa Calcutta Customs, timu ya watu wa forodha, iliyokuwa na wachezaji wa daraja la kwanza katika nchi nzima. Customs waliwabana hata lango la Jhansi likawa hatarini. Ghafula Dhyan aliupata mpira katikati ya kiwanja. Hakukimbia nao. Aliupiga mbali mbele kwa Ismail, naye Ismail akakimbia nusu ya kiwanja, beki na kipa wa Customs wakakosa kuelewana, na mpira ukaingia. Mchezo ukaisha 1 kwa 0.

Nimelifikiri sana jambo hilo. Mtu aliyefunga mabao 14 katika Olimpiki moja, anauchagua kuwa mchezo wake bora kuliko yote mchezo ambao hakufunga hata bao moja. Bao lilikuwa la Ismail, na kombe lilikuwa la vijana wa Jhansi. Katika msimu wetu wa mashindano twawaona wachezaji hodari wanaoshika mpira mpaka wanyang'anywe, eti kwa sababu wenzao ni dhaifu. Dhyan alikuwa na sababu kubwa kuliko wao ya kudhani hivyo, naye aliutoa.

Mwaka 1936 alikuwa nahodha wa timu iliyokwenda Berlin, Ujerumani. Tarehe 17 Julai, kabla ya Olimpiki kuanza, walicheza mchezo wa kirafiki na Wajerumani, wakapigwa 4 kwa 1. Nahodha alisema baadaye kwamba hakuusahau mchezo ule maisha yake yote, na usiku ule usingizi haukumjia. Timu nzima iliingiwa na wasiwasi, wakapeleka simu kwao waletewe mchezaji mwingine, Dara, aliyefika kwa ndege. Mashindano yalipoanza waliishinda Hungaria, Marekani, Japani na Ufaransa bila kufungwa hata bao moja, lakini Wajerumani walikuwa wakingoja katika fainali.

Fainali ilikuwa iwe tarehe 14 Agosti, mvua ikanyesha, ikaahirishwa mpaka kesho yake asubuhi. Katika chumba cha kuvalia wachezaji walikuwa na hofu. Meneja msaidizi, Pankaj Gupta, akatoa bendera ya rangi tatu ya chama cha Congress, chama kilichokuwa kikidai uhuru wa nchi yao. Wakaipigia saluti. Kumbuka kwamba nahodha na baadhi ya wenzake walikuwa askari katika jeshi la Mfalme wa Uingereza, na bendera ile haikuwa bendera yao rasmi. Kipindi cha kwanza kilimalizika 1 kwa 0. Uwanja ulikuwa na maji na utelezi. Katika kipindi cha pili Dhyan Chand alivua viatu vyake vya misumari pamoja na soksi, akaanza kwenda kasi, na mwisho wa mchezo ilikuwa 8 kwa 1. Siku hiyo ilikuwa tarehe 15 Agosti. Miaka 11 baadaye, tarehe hiyo hiyo, nchi yake ilipata uhuru.

Yako mambo ambayo sisi wa Afrika ya Mashariki tusiyasahau. Mwaka 1947 chama cha michezo cha Waasia wa huku kiliialika timu ya Bara Hindi, lakini kwa sharti kwamba Dhyan Chand awemo. Alikuwa na umri wa miaka 42 na mwili ulikuwa umeanza kuchoka, hata hivyo alikubali, akapewa tena unahodha. Walishuka Mombasa mwezi wa Desemba. Katika safari ile alifunga mabao zaidi ya 60. Lakini aliyefunga mengi kuliko wote hakuwa yeye. Alikuwa kijana aliyecheza chini yake, K. D. Singh, aliyejulikana kwa jina la Babu. Kijana huyo mwaka 1948 alikuwa nahodha msaidizi wa timu iliyochukua medali ya dhahabu London, na mwaka 1952 akawa nahodha wa timu iliyoichukua tena Helsinki. Kwa hiyo wazee wetu waliokuwa pembeni mwa viwanja mwaka ule waliwaona wote wawili, yule aliyekuwa akiondoka na yule aliyekuwa akija.

Dhyan Chand aliacha jeshi mwaka 1956, na watu wakazoea kumwita Meja Dhyan Chand. Mwaka huo serikali ilimpa nishani ya Padma Bhushan. Alifundisha hoki katika chuo cha taifa cha michezo huko Patiala, kisha akarudi Jhansi. Mwaka 1975, katika fainali ya Kombe la Dunia huko Kuala Lumpur, mwanawe Ashok Kumar alifunga bao lililoishinda Pakistani 2 kwa 1. Siku hizi tarehe 29 Agosti ni siku ya michezo katika nchi yao, uwanja wa taifa ulioko Delhi una jina lake, na tangu 2021 tuzo yao kubwa ya michezo inaitwa kwa jina lake pia.

Heshima hizo nyingi zilikuja alipokuwa amekwisha kufa. Miaka yake ya mwisho hakuwa na fedha nyingi. Alipougua saratani ya ini alilazwa katika hospitali kubwa ya Delhi, katika wodi ya watu wote, na humo alifariki tarehe 3 Desemba, 1979. Maiti yake ilirudishwa Jhansi. Kulikuwa na matatizo kidogo ya kupata kibali, kisha kikatolewa, na askari wa kikosi cha Punjab wakampa heshima zote za kijeshi. Alichomwa, kwa desturi ya dini yake, katika kiwanja cha Jhansi Heroes, timu ile ya vijana aliyokwenda nayo Calcutta.